Tochi ya TIG inachemka: kabla hujanunua mfumo wa maji

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo Kizota, hapa Dodoma. Mashine yangu ya kuchomelea ni TIG (ile ya arki ya tangsteni na gesi) ya ampea 200, AC na DC, umeme wa fezi moja, na tochi iliyokuja nayo ni namba 17. Stenlesi, yaani ngazi na mageti, naipiga siku nzima bila shida. Tatizo limeanza nilipopokea alumini: silinda hedi, vifuniko vya giaboksi na bodi za malori. Nikifika ampea 160 tochi inachemka mpaka naiweka chini nasubiri. Muuzaji wa vifaa ananiambia dawa ni kufunga mfumo wa kupoza kwa maji, na bei yake inakaribia nusu ya bei ya mashine. Halafu maji yetu unayajua, ni ya chumvi. Ninunue au nitulie?"

Marahaba fundi. Tulia kwanza. Nunua tochi namba 26, ambayo nayo haitumii maji, rekebisha mambo mawili matatu nitakayokutajia, kisha uone kama bodi za malori zinaendelea kuja. Zikigeuka kuwa kazi ya kila siku, rudi kwa muuzaji wako. Hajakudanganya. Ila dawa anayokuuzia inafaa zaidi mashine kubwa kuliko yako.

Geuza mashine utazame kile kibao cha maandishi kilichobandikwa nyuma au ubavuni. Kuna jedwali dogo lenye herufi X, na mbele yake asilimia. Hiyo X ni sehemu ya kila dakika 10 ambayo mashine inaruhusiwa kuwaka. Tuseme kibao chako kinasema 30% kwa ampea 200: dakika 3 unachoma, dakika 7 unapumzika. (Chako kisome mwenyewe, mimi natumia namba hii kama mfano, ndiyo ya kawaida kwa mashine za fezi moja za ukubwa huo.) Joto ndani ya mashine hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukishusha moto kidogo tu unapata muda mwingi. Kwa ampea 160 unafika karibu 47%, kwa 141 unafika 60%, na kwa 110 unaweza kuchoma bila kupumzika.

Tochi nayo ina kikomo chake, sema watu wengi hawajawahi kukisoma kwa sababu karatasi yake ilitupwa na boksi. Namba 17 kwa kawaida hupewa ampea 150 kwenye DC, na kwenye AC inashuka hadi kama 125. Wewe unaipeleka 160 kwenye AC. Haijaharibika, umeipa mzigo usio wake. Namba 26 hupewa 200 kwenye DC na kama 150 kwenye AC, kwa 60%. Sasa piga hesabu ile ile ya mraba: kwa ampea 160 za AC, 26 inakupa asilimia 50 na kitu. Mashine yako kwa ampea hizo hizo ina 47. Kwa ampea 200, tochi ina kama 33, mashine ina 30.

Umeona ilivyo? Ukiwa na 26, mashine itaomba kupumzika kabla ya tochi. Mfumo wa maji unapoza tochi na kebo yake, basi. Hauongezi hata ampea moja kwenye mashine, wala hauizuii kuwasha ile taa ya njano ya joto. Mwenye mashine ya ampea 300 au zaidi, yeye hana ujanja, lazima maji. Wewe una nafasi ya kuchagua.

Nikuonye jambo moja kabla hujakimbilia dukani. Kikomo cha tochi kinakuambia itavumilia. Kwamba utaishika kwa raha ni suala jingine. 26 ikikaribia mwisho wake itakuwa ya moto mkononi, na ni nzito, kebo yake nene inavuta kifundo cha mkono. Zipo pia 26 za bei ya chini ambazo mpira ni mnene lakini shaba ndani ni kidogo. Dukani zipime kwa mkono, mbili za urefu sawa. Iliyo nyepesi sana iache.

Sasa tuje kwenye karakana yako, maana inawezekana sehemu ya joto unalolisikia halina uhusiano na ukubwa wa tochi. Choma mstari mmoja mrefu, zima mashine kabisa, kisha pitisha mkono kuanzia kwenye plagi ya tochi inapoingia kwenye mashine hadi kichwani. Plagi ikiwa ya moto kuliko kebo, haijakazwa au imeungua ndani. Kebo ikiwa ya moto sawasawa urefu wote, ampea zimeizidi. Joto likiwa limejikusanya kichwani peke yake, fungua utoe koleti, kile kibanio kidogo kinachoshika tangsteni, yaani sindano inayotoa arki. Koleti iliyopanuka au iliyobadilika rangi haibani tangsteni vizuri, na umeme unapopita mahali palipolegea pale ndipo joto linapozaliwa. Koleti mpya ni kitu cha bei ndogo, wala usisite kuibadilisha.

Halafu kuna kitufe cha mizani ya AC, na hapa ndipo naona mafundi wengi wa alumini wanajichoma wenyewe. Kwenye AC, tangsteni inakuwa hasi kwa sehemu ya muda na chanya kwa sehemu nyingine. Ikiwa hasi, joto kubwa linaenda kwenye kazi, yaani kipande unachochomelea. Ikiwa chanya, arki inavunja ile ngozi ya oksidi juu ya alumini, ngozi ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na ushee wakati alumini yenyewe inayeyuka kwenye 660. Lakini muda huo wa chanya joto linarudi kwenye tangsteni na kichwa cha tochi. Fundi akiona kazi chafu anaongeza kusafisha, anaongeza tena, mwisho tangsteni inavimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti na tochi haishikiki. Anza na hasi 70% hivi, na uchafu uutoe kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Angalia tu mashine yako inahesabu upande gani: nyingine zinaonyesha asilimia ya kupenya, nyingine ya kusafisha. Ukizisoma kinyume, 70 inakuwa 30, na hapo hata tochi ya maji utaiona haifai.

Tangsteni kwa moto huo iwe ya milimita 2.4, na ukikaa karibu na 200 weka 3.2. Kama bado unatumia 1.6 ile ya ngazi, umeshapata jibu la nusu ya tatizo.

Kazi zako tatu za alumini hazifanani, na ndiyo maana siwezi kukupa jibu moja tu la ndiyo au hapana.

Silinda hedi na vifuniko vya giaboksi ni alumini ya kumwagwa, nene, na kwa kawaida imekunywa oili miaka mingi. Alumini inasambaza joto zaidi ya mara 10 ya stenlesi ya kawaida, kwa hiyo hedi ya baridi inakula moto wote, unaona kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka hakifunguki, unakanyaga pedali hadi mwisho. Usimalize pedali. Pasha hedi kwanza. Jiko la mkaa lenye moto uliotulia, hedi juu yake, karatasi ya bati kufunika, hadi ifike kati ya nyuzi 150 na 200. Utaona oili inatoka jasho kwenye ufa. Futa, saga tena, rudia mpaka iache kutoka. Hapo kidimbwi kitafunguka kwa ampea chache kuliko ulizozoea, na vitundu vitapungua, maana vitundu vya hedi vinatokana zaidi na oili kuliko na upungufu wa moto. Kazi yenyewe ni ya vipande vipande: unachoma dakika 1 au 2, unatazama, unasaga, unarudi. Kwa mwendo huo 26 inatosha kabisa.

Bodi za malori ndizo zinazonifanya nisite. Bati la milimita 4 linataka kama ampea 160 (kanuni ya haraka ni ampea 40 kwa kila milimita, kisha unarekebisha kwa jicho), na mstari ni mrefu, mita na mita, huku mteja amesimama mlangoni anataka kuondoka kuelekea Singida kabla giza halijaingia. Hapo mkono wako unakaa saa nzima juu ya chuma cha moto, na joto linaloakisiwa na bati linaongezeka juu ya lile la tochi. Kama wiki nzima ni bodi, nunua maji, na sababu iwe mkono wako. Tochi nyepesi isiyochemka inafanya mstari wa saa 10 jioni ufanane na wa saa 3 asubuhi. Hiyo ni hela, ingawa haionekani kwenye hesabu ya asilimia.

Matangi ya mafuta ya malori, kama nayo yanakuja, yarudishe. Yaliyooshwa "vizuri" ndiyo yanayoua watu.

Na stenlesi haiingii kwenye mjadala huu. Bomba la ngazi la milimita 1.5 linakwenda kwa ampea 50 au 60, na hata ukipata kazi ya matangi ya mvinyo ya milimita 2 kwa wasindikaji wa zabibu wa hapa Dodoma, hufiki 100. Kule tatizo litakuwa gesi ya kukinga upande wa nyuma wa mshono, wala si tochi.

Tuseme basi umefika mahali pa kununua. Muuzaji atakuuliza 18 au 20. Namba 20 ni ndogo na nyepesi, inapita pembeni ambako kiganja hakipiti, na inabeba kama ampea 250 za DC. Namba 18 ni kubwa, inabeba 350. Kwa mashine ya 200 zote zinatosha, lakini ujue hili: vikombe (midomo ya kutolea gesi), koleti na vifuniko vya nyuma vya 17 vinaingia kwenye 18 na 26. Vya 20 ni vya ukubwa mwingine, ule wa tochi namba 9. Ukichagua 20, sanduku lako lote la vikombe unaanza upya. Mimi kwa bodi za malori ningechukua 20 na kukubali gharama hiyo, kwa sababu wepesi ndio unaoulipia. Fundi mwingine atakuambia 18, ili vifaa viwe aina moja karakana nzima, naye hajakosea.

Uelewe pia tochi ya maji imejengwaje, maana ndipo hasara kubwa hutokea. Maji baridi yanakwenda moja kwa moja kichwani kwa mpira wake, kisha yanarudi kupitia mpira mwingine ambao ndani yake umelala waya wa umeme. Waya huo ni mwembamba kuliko wa tochi ya kawaida, umefanywa mwembamba kwa makusudi, unategemea maji kuupoza. Maji yakisimama na arki inawaka, mpira unaungua haraka sana, mara nyingi kabla hujasikia harufu. Kwa hiyo usiwahi kutumia tochi hiyo "kidogo tu bila maji", hata kwa ampea ndogo. Dai mfumo wenye swichi ya mtiririko, na hakikisha nyaya zake mbili zimeunganishwa kwenye mashine ili maji yasipopita arki isiwake. Kuna mafundi wanaziunganisha fupi ili mashine iache kulalamika. Mashine ikilalamika, kuna jambo.

Kipimo chako cha kila wiki ni chupa tupu ya lita 1. Chomoa mpira wa kurudi pale kwenye tangi, washa pampu peke yake bila arki, kinga na chupa. Ijae ndani ya dakika 1. Ikichukua dakika na nusu, kuna mpira umejikunja, chujio limeziba, au ukoko umeanza ndani ya kichwa.

Na hapo tumefika kwenye maji yenyewe, ambayo kwa sisi wa Dodoma ni hoja nzito kuliko aina ya mfumo utakaonunua. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu yanatoka kwenye visima, vikiwemo vya Mzakwe, na wengine mna visima vyenu nyuma ya nyumba. Angalia ndani ya birika la chai nyumbani, ule ukoko mweupe ulioganda chini. Ukoko huo huo utajijenga ndani ya kichwa cha tochi, kwenye njia nyembamba kuliko penseli, na mahali pa moto unaganda haraka zaidi. Kibaya kuliko hicho, maji yenye chumvi yanapitisha umeme. Ule mlipuko wa volti kubwa unaowasha arki bila kugusa unapata njia ya kukimbilia ndani ya maji, arki inakuwa ngumu kuwaka, na viungio vya shaba vinaanza kuliwa na kuacha unga wa kijani.

Maji ya chupa ya kunywa hayasaidii, nayo yana madini. Unachotaka ni kimiminika maalumu cha tochi za kuchomelea, kile kisichopitisha umeme kirahisi. Ukikikosa, tumia maji yaliyotoneshwa, haya ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri, au muulize muuzaji waziwazi, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na watu huita vyote "maji ya betri". Kulanti ya magari iache kwenye magari. Ina dawa za kuzuia kutu zinazopitisha umeme, na nyingine zina chembe za kuziba rejeta inayovuja, chembe ambazo zitaziba tochi yako kwa ufanisi mkubwa. Sababu ya wenzetu wa Ulaya kuweka kizuia barafu ni baridi yao. Hapa hata Julai usiku maji hayagandi, kwa hiyo hilo halikuhusu. Kinachokuhusu ni mwani: tangi liwe na mfuniko, lisikae juani, na maji ubadilishe kila baada ya miezi 6 au mara yakionyesha ukungu.

Najua utaniuliza kuhusu kutengeneza mwenyewe, ndoo, pampu na rejeta ya gari. Inawezekana. Ndoo ya lita 20 peke yake, tuseme tochi inamwaga wati 500 za joto ndani yake, itapanda kama nyuzi 1 kila dakika 3 za arki. Kwa kazi ya nusu saa hata rejeta huihitaji. Kinachowaangusha wengi ni pampu. Ile ya kuzamisha ya bwawa la samaki inasukuma maji mengi lakini haina nguvu ya kuyapitisha kwenye mipira myembamba ya tochi. Unahitaji pampu yenye shinikizo la baa 2 hadi 3. Rejeta ya alumini ukiiunganisha na viungio vya shaba, alumini italiwa kwanza, basi tafuta ya shaba. Na kifaa hicho kisichokuwa na swichi ya mtiririko ni mtego. Ukijenga bila swichi hiyo, usishangae ukinunua tochi mara mbili.

Mfumo wa dukani hula umeme kidogo, wati 300 hivi, hautakusumbua ukilinganisha na mashine yenyewe ambayo kwa ampea 200 inavuta kilowati 5 karibu. Chomeka vyote viwili kwenye chanzo kimoja, ili kimoja kisizimike peke yake. Uwezo wa kupoza unaoandikwa kwenye karatasi kwa kawaida hupimwa kwenye hewa ya nyuzi 25. Mchana wa Oktoba chini ya mabati yako si 25, kwa hiyo chukua wenye ziada. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na unga wa grinda linaziba mapezi ya rejeta, lipulize kwa kompresa kutoka upande wa ndani kwenda nje. Ukimaliza kuchoma, acha pampu izunguke dakika 3 au 4 kabla ya kuzima.

Ukinunua 26 sasa, 17 usiiuze. Kwenye kazi za ngazi huko Mtumba hutapandisha tangi la maji hadi ghorofa ya nne, na kwa ampea 60 hiyo 17 ndiyo nyepesi kuliko zote. Bodi za malori ziandike kwenye daftari kwa miezi miwili: ampea uliyotumia, mita ulizochoma, na ni mara ngapi uliweka tochi chini. Kabla ya kulipa chochote, muulize muuzaji kama mashine yako ina tundu la waya wa swichi ya mtiririko, na kama kiungio cha kutenganisha maji na umeme kinakuja ndani ya boksi. Mara nyingi hakiji.